Uji Kabla ya Basari: Barua kwa Vijana wa Rhonda na Kaptembwo

Wanangu,

Nimesikia mmeunda kikundi, na kwamba safari hii bajeti ya kaunti haitajadiliwa huku ninyi mkiwa nje mnangoja soda. Nimefurahi. Kisha mmoja wenu akanionyesha kwenye simu orodha ya mtakayoyadai, furaha ikapungua. Basari, basari, basari, halafu uwanja wa mpira.

Sipingi basari, ule msaada wa karo. Wengine wenu mmesoma kwayo, na wazazi wenu nawajua. Ila basari humkuta mtoto akiingia sekondari, na wale wanaoninyima usingizi huwa wameachwa njiani zamani.

Mnajua nimefundisha chekechea humu mtaani miaka ishirini na ushei. Kuna kasichana kalikuwa kakija na kikombe cha plastiki mkononi, bila daftari, bila penseli. Nikakakaripia. Mara ya pili nikakarudisha nyumbani kakamwite mama. Mama hakuja. Alikuwa mtaa wa Milimani akiwafulia watu nguo, na siku asiyofua ndiyo siku wasiyokula. Jirani ndiye aliyenifungua macho: daftari halikuwapo, na mtoto alibeba kile alichojua kina kazi. Nilikuwa nimemfukuza kutoka kwenye mlo wake wa pekee, uji wa shule. Kosa lile ni langu, na bado linanichoma.

Tangu siku hiyo nikawa naweka nukta kwenye rejista kando ya jina la kila mtoto aliyesinzia kabla ya saa nne. Jumatatu ndizo zilizojaa nukta. Jumamosi na Jumapili hakuna uji wa shule, basi. Muhula mmoja aliyekuwa akitupa unga alijitoa, na haikupita wiki mbili viti vikabaki vitupu. Unga uliporudi, watoto walirudi bila ya mtu kupita na kipaza sauti.

Sasa chukueni Katiba, ile ya 2010. Ibara ya 53 inampa kila mtoto jina na uraia tangu kuzaliwa, elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lishe, makao na matibabu. Hayo mmeyasikia barazani. Lakini fungueni Jedwali la Nne, kwenye kazi za kaunti: mtakuta elimu ya chekechea, na pembeni yake vituo vya kulelea watoto. Kiongozi akiwaambia hilo ni jambo la Nairobi, msomeeni.

Kuhusu vituo hivyo, piteni Rhonda saa moja asubuhi. Chumba kimoja cha mabati, mama mmoja, watoto hata kumi na watano, wakubwa kwa wachanga. Analipwa kwa siku. Asiye na pesa ya leo humwachia mtoto dada yake wa miaka minane, na hivyo ndivyo yule wa miaka minane anavyoacha shule. Umaskini wa mdogo unamla mkubwa. Mama huyo wa kituo akipata choo, maji na mtu wa afya wa kumtembelea, mtakuwa mmewashika watoto wawili kwa mkono mmoja.

Mtajibiwa kwamba madarasa ya chekechea yanajengwa. Kweli, yanajengwa, na yanapakwa rangi. Darasa huzinduliwa, hukatwa utepe, hubandikwa kibao chenye jina la mtu. Uji hauna pa kubandika kibao. Ndiyo maana nawaomba muulize fungu la chekechea limegawanywaje: kiasi gani ni mawe na mbati, kiasi gani kinaingia tumboni.

Zile pesa za Inua Jamii, wanazotumiwa wasiojiweza, ni za serikali kuu, kwa hiyo swali lake mpelekeeni mbunge. Ndani yake mna mpango wa watoto yatima na walio katika hali ngumu, ulioanza mwaka 2004. Leo kaya hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na kiwango hicho hakijasogea kwa zaidi ya miaka kumi. Gawanyeni kwa siku thelathini mwone: sitini na sita na senti kidogo, kwa nyumba nzima. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200.

Na msikubali kuambiwa kwamba ni majaliwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta watoto 26 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa 18. Kinachopungua hivyo kinaweza kupungua tena.

Kuna jambo la karatasi pia. Fomu za msaada hutolewa katikati ya wiki, asubuhi, na mwenye nafasi ya kupanga foleni ndiye anayezipata. Yule wa kufua yuko Milimani. Mtoto wake hana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo hata jina likifika mezani linarudishwa. Kikundi chenu kina vijana wa boda. Mpelekeni mama huyo Jumamosi, mmsaidie kujaza, mmfuatilie chifu hadi muhuri upatikane. Hilo halihitaji bajeti ya mtu.

Jihadharini na tarehe. Makadirio ya kaunti hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na 30 Juni yanatakiwa yawe yamepitishwa. Mkienda Juni mtakuta chungu kimeshaepuliwa. Soda mtakayopewa inyweni, ni kodi yenu, lakini msiweke sahihi popote kabla ya kusoma.

Rejista zangu ninazo bado. Panya wamekula pembe, ila Jumatatu zote zinasomeka. Mje mzichukue.

Shosho Mwalimu,
Kaptembwo, Nakuru