Kwa Mwende, kuhusu ile presha

Mwende, sasa? Huku Nairobi tuko poa, ni baridi ya Julai tu inatumaliza. Naskia umepata nafasi kwa ile lab na watakuweka kwa seli ya almasi, kile kifaa cha kubana sampuli ndogo kwa presha kubwa, aki nimefurahi, hiyo kazi hata mimi ningeililia.

Umeniuliza presha ya mle ndani inajulikana aje na hakuna geji inaweza ingia. Mwanga ndio unasema. Almasi mbili zinatazamana ncha kwa ncha, katikati kuna gasketi ya chuma imetobolewa katundu hata hakafiki robo milimita, sampuli inakaa humo ndani ya spiriti, methanoli na ethanoli, ndio presha ienee pande zote, alafu unatia kapunje ka rubi. Ukipiga leza ya kijani kupitia almasi rubi inawaka nyekundu, spektromita inasoma urefu wa mawimbi ya huo mwanga. Kwa presha ya kawaida mstari wa R1, ule mkali kati ya mistari miwili myekundu ya rubi (mwingine ni R2), uko kama nanomita 694.2, na kila gigapaskali moja, yaani karibu mara 10,000 ya hewa tunayopumua, inausukuma mbele nanomita 0.365 hivi. Wamarekani walianza kuitumia hivo 1972 na bado naiona ni kitu safi sana.

Sasa hapa uniskize vizuri. Rubi haiskii presha peke yake, inaskia joto pia. Ukipasha seli mstari unahama upande ule ule, karibu nanomita 0.007 kila digrii, so ukipandisha digrii 50 bila kurekebisha utaandika gigapaskali nzima ambayo haiko. Nzima! Waombe thamokapuli, ule waya wa kupima joto, ikae imegusa almasi kabisa, sio huko kwa hita, joto la hita ni lingine na la sampuli ni lingine. Kama wako na ile boreti ya strontiamu yenye samariamu, punje ingine inawaka kama rubi, weka kando ya rubi, mstari wake wa nanomita 685.4 unafuata presha na joto halina neno nao sana, ukilinganisha hizo mbili unapata vyote. Na mkishuka kwa baridi ya naitrojeni usidhani presha imebaki pale uliiacha, chuma inajikunja, soma upya kila mkisimama.

Nitumie spektra ya kwanza, ile grafu ya mwanga, kabla hujaisafisha, nataka kuona R1 na R2 kama zimeachana, coz zikiungana na hujapasha kitu, ile spiriti imeganda na presha haiko sawa pande zote.