Nyasi Yangu Haina Ukungu, Imeunguzwa na Mbolea Yenu

Kiamunyi, Nakuru.
Machi 3, 2025.

Kwa Meneja,
Kampuni ya Utunzaji wa Bustani,
Nakuru.

Bwana Meneja,

KUH: NYASI ILIYOUNGUZWA NA MBOLEA FEBRUARI 12, 2025

Nimewapigia simu mara mbili, na mara zote mbili nimejibiwa kwamba nyasi yangu imeshikwa na ukungu, kwa hiyo ninunue dawa kwenu kwa shilingi 6,000. Sikubaliani na jibu hilo. Naomba usome barua hii mpaka mwisho kabla ya kunijibu tena.

Nyasi yenyewe ni ya aina iitwayo Kikuyu. Marehemu mume wangu alibeba vipande vyake kwa gunia kutoka kwa mamake huko Molo mwaka 2009, akavipanda kimoja kimoja mvua ya masika ilipoanza. Niliwaita kwa sababu ilikuwa imefifia na mlikuwa mmeahidi kuirudishia kijani. Nililipa shilingi 18,500 kwa M-Pesa kabla hata kazi kuanza.

Kijana wenu alifika saa saba mchana, jua la Februari likiwa utosini. Hakuwa na mizani, hakupima uwanja, hakugusa udongo. Alikuwa na beseni na mfuko mmoja wa mbolea ya yurea wa kilo 25. Alitembea kando ya ua akirusha kwa mkono, akageuka, akarudi. Nilipomuuliza kama si nyingi, alinijibu kwa adabu: "Mama, nimeambiwa niimalize." Akaimaliza, akaondoka bila kufungua mfereji. Mimi nilidhani maji hayahitajiki, kwa kuwa hakuna aliyeniambia vingine.

Siku ya pili kulikuwa na harufu kali, kama ya banda la kuku lisilofagiliwa. Nikiinama niliona punje nyeupe zimekaa kwenye mashina ya nyasi, nyingine zimenata kwenye majani. Kufikia siku ya tano uwanja ulikuwa na mistari ya kahawia iliyonyooka kutoka ua hadi ua, na pale mkono wake ulipopita mara mbili, mstari ni mweusi. Alipoweka beseni kujaza mbolea pamebaki kipara cha mviringo, ukubwa wa beseni lile lile.

Ukungu hauingii kwa mistari iliyonyooka, Bwana Meneja. Huanza kwa mabaka na kusambaa ovyo.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa uje ulione kwa macho yako. Chini ya kamba ya nguo nyasi ni kijani kibichi, kijani ambacho sijakiona miaka mingi. Jioni ya siku ile mbolea iliporushwa nilianika mashuka mazito, yakachuruzika maji usiku kucha. Maji hayo machache yaliyeyusha yurea yakaishusha kwenye udongo. Kwingine kote chumvi ya mbolea ilibaki juu, ikanyonya maji ya jani na ya mizizi hadi vikakauka.

Hesabu nayo haiwatetei. Uwanja wangu ni mita 20 kwa 10, yaani mita mraba 200. Yurea ina asilimia 46 ya nitrojeni. Nyasi kama hii hutosheka na gramu 5 hivi za nitrojeni kwa mita mraba kila inapotiwa mbolea, ambayo kwa uwanja wote ni kilo 2 na kidogo za yurea. Ninyi mlimwaga 25. Mfuko mtupu ninao, umeandikwa 46-0-0, ile 46 ikiwa ni asilimia ya nitrojeni.

Tafadhali msimfukuze yule kijana. Alitumwa bila mizani na bila maelezo, na waliomtuma wako ofisini kwenu.

Ninachotaka ni hiki: mnirudishie shilingi 18,500 zote, na mje kwa gharama yenu kumwagilia uwanja maji mengi ili mbolea iliyozidi ishuke, kisha mng'oe iliyokufa na kupanda upya mvua ikianza. Vipande vya kupanda vitolewe chini ya kamba ya nguo ambako nyasi ilipona, si kwingine. Sitaki nyasi ya kununua. Dawa ya ukungu siihitaji.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma ya ubora unaofaa, na fidia anapopata hasara kwa sababu ya huduma mbovu. Nisipopata jibu la maandishi kufikia Machi 17, nitapeleka dai langu kwenye Mahakama ya Madai Madogo pamoja na picha, risiti na mfuko.

Jumamosi hii, Machi 8, nitakuwa nyumbani kuanzia saa tatu asubuhi. Njoo wewe mwenyewe, na uje kabla mvua haijafuta mistari.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu wa Kiamunyi