Kwa wadogo zangu wa Goma mnaojifunza lugha mpya ya programu

Wadogo zangu,

Nawasalimu nyote mnaoandika programu hapa mjini, kuanzia Himbi hadi Ndosho. Nawaona wengi wenu, watu wenye miaka minane au kumi ya PHP na Java, mkianza Go au Rust. Baada ya mwezi mnarudi mkisema lugha ile inasumbua bure. Nawaandikia kwa sababu njia hiyo nimeipita, na iliniumiza.

Maneno na alama za lugha mpya hazitawashinda. Aliyeandika PHP miaka kumi atasoma Go siku tatu na kuielewa. Shida ipo mwilini. Mtazameni kijana aliyeendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kwa miaka, halafu akanunua pikipiki. Barabara anazijua, mteremko anaujua, uzito wa gunia bega lake linaujua. Lakini akiteremka, mguu bado unakimbilia gurudumu la nyuma kufunga breki. Mazoea yana taabu.

Mimi nilitoka PHP, nikaandika kwa Go programu ya stoo ya depo moja ya maharage karibu na bandari. Katika Go, fanksheni, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, ikiwa inaweza kushindwa hurudisha vitu viwili: jibu, na kosa kama lipo. Kosa unawekewa mkononi hapo hapo, uamue la kufanya. Mimi niliona mistari ile ya kukagua kosa inachafua kazi yangu, nikawa naandika `_` mahali pa kosa, yaani sitaki kujua. Siku moja diski ikajaa. Kuandika kukashindwa, na programu ikaendelea kana kwamba kila gunia limeingia kwenye hesabu. Kwa siku nne mama mwenye depo alipokea maharage ya Minova, na hakuna hata gunia moja lililohifadhiwa. Tulikesha na vikaratasi vya wachukuzi, tukihesabu upya kwa tochi. Yule mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mashine ilijua?"

Ilijua. Kila mara ilinipa kosa, nami nililitupa.

Tangu siku ile, lugha mpya ikinikera mahali fulani, pale ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Chukueni Rust. Kila kitu kina mwenyewe mmoja. Unaweza kukiazima kwa wengi wakitazame, au kwa mmoja akibadilishe, lakini si vyote viwili kwa wakati mmoja. Aliyezoea Java, ambako kuna mfagiaji anayepita nyuma yake kukusanya kumbukumbu iliyoachwa, anaona ananyanyaswa, basi anapachika `.clone()`, yaani tengeneza nakala, kila mahali mpaka kompaila, ile programu inayokagua na kutafsiri alichoandika, inyamaze. Nimesoma kazi zenu, nimeyaona hayo. Programu inakimbia, lakini mmeandika Java kwa herufi za Rust, na siku mbili kwa mkaguzi wa kuazima aliye ndani ya kompaila zingewafundisha jambo ambalo hamkulipata kwa miaka kumi.

Kompaila ikikataa na kuandika E0382, namba ya kosa la kutumia kitu ulichokwisha kumpa mwenyewe mwingine, someni ujumbe wake mpaka mwisho, kisha andikeni `rustc --explain E0382`. Itawaeleza kosa kwa mfano, bila intaneti. Na `rustup doc` hufungua vitabu vya lugha vilivyomo ndani ya mashine yenu. Kwetu, ambako mtandao hukatika katikati ya neno, hiyo ni mali.

Kwa kazi ya kujifunzia, andikeni upya kitu mnachokijua kwa moyo: ankara, stoo, orodha ya wanafunzi. Kama tatizo ni geni na lugha ni ngeni, hutajua ni kipi kinachokushinda.

Kuna jambo la haya pia. Mtu wa miaka kumi kazini anaogopa kuuliza swali mbele ya kijana wa staji aliyekuja kujifunza kazi, basi anajifungia peke yake wiki nzima na kosa la dakika tano. Ken Thompson alikuwa na miaka 64 alipoanza kuchora Go pamoja na Robert Griesemer na Rob Pike, Septemba 2007, na Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, alishaijenga zamani. Waulizeni vijana. Wao hawana mazoea ya kuacha, kwa hiyo wanasikia lugha inasema nini.

Wala si lazima wote mhame. Kama mteja wako ana duka Birere na PHP inamtosha, mwache na PHP yake. Wengine wenu lugha mpya mnayoihitaji ni PHP 8 yenyewe, iliyotoka Novemba 2020, maana bado mnaandika kama mwaka 2010.

Jumamosi baada ya saa nane mchana nipo nyumbani, mnapajua. Msilete kazi iliyong'aa. Leteni ile yenye `_` na `.clone()` mlizoweka usiku mkiwa mmechoka, tutaanza na hizo.

Mkubwa wenu,
Goma