Viwanja vya Moshi visiishe vyote kwa fremu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nisemee viwanja vya wazi hapa Moshi mjini, manake vinaisha huku tunaangalia. Penye eneo tupu kidogo tu watu washaona fremu za maduka, zinajengwa mstari mzima, nusu zinakaa na makufuli hazina mpangaji, na pale ndo palikuwa sebule ya mtaa.

Huu mji ni wa watu wa kuja jamani. Reli ya kutoka Tanga ilifika 1911, ikaishia huku chini na sio kule Old Moshi mlimani, basi mji ukakulia kwenye stesheni, wakaja Wapare, Wasambaa, Wahindi wa maduka, watu wa pwani, na Wachagga wakishusha kahawa yao mpaka 1933 wakawa na ushirika wao wa KNCU. Sasa mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, kule Kibosho au Marangu mlimani msiba wake anaupeleka nyumbani, harusi hivyo hivyo. Lakini sisi wa Majengo, Pasua na Njoro wengi tumepanga, ua mmoja familia kibao, turubai la msiba tutafunga wapi? Maulidi tutasomea wapi?

Jirani na kwangu kuna kiwanja kidogo chenye mwarobaini. Asubuhi yupo mama wa chapati na supu, mchana wazee wa drafti, kete zao vizibo vya soda, huyu anavilaza huyu anavipindua, na hapo utakuta Mpare anabishana na Mrangi huku Mchagga anangoja zamu yake, na salamu zote ni "shikamoo mzee" bila kuulizana kabila. Jioni watoto wanapiga chandimu. Mtoto akipotea watu wanakusanyika hapo kwanza, mgeni akishuka kwenye bajaji anaulizia hapo hapo. Sasa tunasikia na penyewe panapimwa, na mtaani hakuna aliyeitwa kuulizwa.

Sipingi biashara, mangi mwenye duka naye ana watoto wa kusomesha. Ila angalieni Desemba ndugu zetu wakirudi kutoka Dar, mji unafurika, na mtu akitaka kukaa na wanae nje jioni inabidi aingie baa au anunue soda ndo apate kiti. Mji mzima! Na tunasifiwa usafi, ni kweli na tunajivunia, lakini barabara iliyofagiwa haikupi pa kukaa.

Ninachoomba ni kwamba kabla kiwanja hakijabadilishwa matumizi, mkutano wa mtaa uitwe kweli, tena jioni watu wakiwa wametoka kazini, na waitwe kina mama wa genge na vijana wa bodaboda, sio wenye nyumba peke yao. Vile vilivyobaki viwekewe mabenchi ya zege, bomba la maji na taa, na ile miti iliyopo isikatwe. Kwetu wanaweza kuanza kwa kuuacha huo mwarobaini.

Mkazi wa Majengo,
Moshi