Malalamiko Kuhusu Bango la Jazi Lenye Saini na Nambari Zisizo Halisi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: BANGO LA TAMASHA LA JAZI LA NEW ORLEANS

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nililipia bango lililochapwa kwa skrini ya hariri, likiwa na saini ya msanii na nambari ya nakala (inayoonyesha ni ya ngapi katika toleo) kwa penseli. Tangazo lenu lilisema hivyo, na risiti inasema hivyo. Nilichopokea ni picha ya bango hilo.

Nimelikagua kwa kioo cha kukuzia. Katika uchapaji wa skrini kila rangi hupitishwa kwenye skrini yake, yaani wavu wa kitambaa, na wino hukaa juu ya karatasi kama tabaka. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga unaona rangi moja ilivyopanda juu ya nyingine. Hili lenu ni bapa, limejaa vinukta vya wino vya mashine ya kuchapa picha kutoka ukingo hadi ukingo. Kilichoniuma zaidi kiko chini, kwenye ukingo mweupe: saini na nambari nazo ni vinukta vilevile. Hakuna mng'ao wa penseli, hakuna alama ya mkono uliokandamiza. Maana yake kuna mtu aliyepiga picha nakala halali na kuichapa upya pamoja na nambari yake. Nakala halisi yenye nambari hiyo ni mali ya mtu mwingine, na cheti chenu cha uhalisi kinanitaja mimi kuwa mmiliki wake.

Mhudumu wenu alinijibu kwamba mchoro ni uleule. Ni kweli, lakini jibu hilo halinitoshi. New Orleans wametoa mabango ya idadi maalumu tangu 1975. Tamasha la jazi la Montreux, kule Uswisi, liliwapa wasanii maarufu kazi ya kuchora bango lake: Jean Tinguely mwaka 1982, Keith Haring mwaka 1983, kisha Haring na Andy Warhol kwa pamoja mwaka 1986. Anayependa mchoro peke yake hununua nakala ya kawaida kwa bei nafuu, na ana haki ya kuifurahia. Mimi nililipia karatasi iliyopita mkononi mwa msanii, katika idadi ambayo haiongezwi tena. Mkiongeza moja ya bandia, mnawaumiza pia wote wenye nakala za kweli.

Vocha ya punguzo mliyonipa siipokei. Nataka mnirudishie fedha zote, pamoja na gharama za usafirishaji wa kuja na kurudi, ndani ya siku 14. Nataka pia mliondoe tangazo hilo, na muwaarifu wateja wengine walionunua bango hilo kwenu. Nimeambatanisha risiti, cheti na picha za karibu za saini.

Bango nitalirudisha nikishapata ahadi yenu kwa maandishi kwamba halitauzwa tena kama toleo lenye nambari.

Wenu mwaminifu,
Mteja