Minervali ikipanda, bajeti inapata nini?

Bwana Mhariri,

kuko watu wanasema minervali (makuta ya masomo) ya iniversite za leta, ni kusema za serikali, ipande ili isaidie bajeti, lakini hizo makuta haziongezeke vile wanafikiri, maana mtoto mwenye kushindwa kulipa anaacha masomo na hata kile alikuwa analipa kinapotea. Hapa Katuba, komini ya Lubumbashi, mama anauza makala (makaa ya kupikia) kwa franka, masomo wanahesabia kwa dola, dola ikipanda basi yeye ameshaongezewa minervali bila mtu kutangaza! Januari 2020 wanafunzi wa Kinshasa waliandamana sababu ya minervali kupanda, UNIKIN (Iniversite ya Kinshasa) ikafungwa. Na ninaogopa leta ikiona wazazi wanalipa itapunguza pesa ya kwake yenye inapatia vyuo, sasa chuo kimepata nini? Wabunge waulize kwanza pesa ya vyuo iliyoandikwa kwenye bajeti inatoka yote ao hapana.

Mzazi, Lubumbashi