Kabla hujakaa na hao watu wako 12

Marahaba baba. Voisi yako ya jana nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha maana kupewa usupavaiza na umri huo si kitu kidogo, mara ya pili nikashtuka, pale uliposema kikao cha kwanza utawakazia ili wakuogope. Hapo ndo nikaona nikuandikie.

Sijawahi kukusimulia ile siku ya gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu kwenye upasuaji. Nilikuwa nesi mgeni thieta, tunahesabu gozi kabla mgonjwa hajafungwa tumbo, hesabu yangu inakosa moja, na daktari wetu alikuwa mtu wa kufoka, asubuhi ileile ameshamfokea mwenzangu hadi kalia, basi nikanyamaza. Bahati mtu wa dawa ya usingizi aliniona uso akaniuliza natafuta nini, ndo ikatafutwa ikapatikana. Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka, nilijua na sikusema, na sio uvivu, ni woga tu.

Baadaye Shirika la Afya Duniani likaleta ile cheklisti ya upasuaji, ikajaribiwa hospitali 8 duniani na moja ilikuwa hapahapa kwetu Ifakara, nyingine huko London, Toronto, Manila. Mambo yake ya kawaida tu, mgonjwa ni huyu kweli, dawa, hesabu ya vifaa, ila kilichonigusa mimi ni kila mtu kutaja jina na kazi yake kabla kisu hakijagusa ngozi. Matokeo yalitoka 2009, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sisemi ni majina peke yake, lakini nesi akishatoa sauti mara moja mbele ya daktari, ya pili haimshindi, hilo nimeliona mwenyewe.

Sasa hapo ghalani kwako, kijana wa kupakia ndo anajua boksi gani limelowa na foklifti ipi breki zinasumbua. Akikuogopa utakuja kuambiwa na mteja. Yashike majina yao yote kabla ya Jumatatu, na wa kwanza kukuletea habari mbaya usianze na "nani kafanya", mshukuru mbele ya wenzie kisha mkaangalie pamoja, maana wengine wote hapo wanakusoma uso. Kukemea kupo baba, anayechelewa kila siku mwite pembeni, sio kikaoni.

Jumapili jioni nipigie, nataka kusikia utakianzaje hicho kikao.

Mama yako